Kwa Nini Anaupita Mlango wa Karibu

Kwetu Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, hakuna anayeugua peke yake. Mtu akishikwa na malaria usiku, kabla jua halijatoka majirani wameshabisha hodi, mmoja na uji, mwingine na ushauri. Mama mwenye uchungu wa kuzaa akitokea vijiji vya milimani juu ya Fizi hubebwa kwenye kipoyi na vijana wanaopokezana njia nzima, wala hakuna anayedai malipo. Hospitalini mgonjwa mmoja huwa na ndugu watatu wa kumlinda: anayepika nje, anayefua ziwani, anayelala chini ya kitanda. Tunajivunia desturi hiyo, na tuna haki. Vita vilivyoanza 1996 vimetupokonya mengi, lakini hiyo havikuweza kuipora.

Ndiyo maana inashtua kwamba kwetu upo ugonjwa mmoja ambao mwenye nao humwomba Mungu aachwe peke yake.

Mmoja wa wenye ugonjwa huo ni mama mdogo wangu. Ameniruhusu kumsimulia kwa sharti nisitaje jina lake wala kijiji chake, na sharti hilo peke yake linaeleza habari nzima. Ameishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi. Humeza kidonge kimoja kila jioni, hulima muhogo wake, huuza mawese siku ya soko, hulea wajukuu. Kituo cha afya kiko karibu na nyumba yake kiasi kwamba mtoto akilia kule kwenye chanjo, yeye humsikia akiwa jikoni. Dawa anazozihitaji zipo pale. Hajawahi kwenda kuzichukua. Siku yake ya dawa ikifika hupanda pikipiki, akashuka, akapanda nyingine, hadi sehemu ya mbali kwenye barabara iendayo Uvira ambako hakuna anayelijua jina la baba yake. Nyumbani huaga kwamba anakwenda kununua kitenge. Na kweli hurudi na kitenge, ili uongo uwe na ushahidi. Sanduku lake limejaa vitenge ambavyo havijafika kwa fundi, na kila kimoja ni nauli na chakula cha watoto kilichogeuzwa kifuniko cha siri.

Niliwahi kumsindikiza. Wakati wa kurudi tulisimama chini ya mchikichi, akatoa kichupa cha dawa, akailowesha lebo kwa mate, akaibandua taratibu kwa ukucha. Kisha akasokota pamba na kuijaza ndani mpaka vidonge vikanyamaza. Kichupa kile kikitikisika hulia, na vijijini kwetu sauti ile inajulikana. Alifanya yote hayo bila kuangalia mikono yake, kama mtu anayefunga lemba.

Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo na kituo kiko pale pale.

“Mwanangu,” akasema, “ugonjwa nimeuzoea. Unataka kidonge, naupa kidonge, tunalala. Lakini muuguzi wa pale ni shemeji yetu. Mkewe tunaimba naye kwaya. Nikimwambia yeye, nimewaambia wote.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiupima unyanyapaa kwa njia yangu. Wataalamu wana maswali yao na karatasi zao. Mimi nauliza jambo moja tu: mtu huyu amepita milango mingapi ya karibu ili aifikie dawa yake? Palipo na watu wengi wanaopita mlango wa jirani, pana kitu kibaya nyuma ya mlango huo, hata kama ukuta umepakwa rangi jana.

Na kitu hicho mara nyingi hakina sura ya matusi. Muuguzi anayemtukana mgonjwa mbele za watu yupo, lakini ni wachache wenye ujasiri huo. Kinachoumiza zaidi ni mpangilio. Katika kituo kimoja nilichowahi kufika, waliokuja kuchukua dawa za virusi walipangiwa Alhamisi, wakakaa benchi lililo kando, karibu na choo. Madaftari yao yalikuwa na jalada la rangi nyingine. Hakuna aliyetamka neno UKIMWI, kwa kuwa hapakuwa na haja. Kijiji kizima kiliijua Alhamisi, na wenye benchi lile wakapewa jina: watu wa Alhamisi. Ikafika mahali mama mwenye mtoto wa homa akawa anamwacha achemke mpaka Ijumaa, asije akahesabiwa miongoni mwao.

Aliyeipanga ile Alhamisi nina hakika hakuwa na nia mbaya. Alitaka kurahisisha kazi: wagonjwa wa aina moja, siku moja, kabati moja. Lakini alichorahisisha ni kazi ya wambeya. Funzo nililolipata hapo ni hili: madhara makubwa katika utumishi wa watu hufanywa na watu wema waliofikiria ratiba wakasahau macho yanayoiangalia.

Yapo pia mambo ya chumba cha ndani. Mjamzito anayejulikana kuwa na virusi huachwa awe wa mwisho, hata kama uchungu wake ulitangulia. Mwenye kidonda huvaliwa glavu mbili mbili kwa ajili ya kupimwa presha tu, na wa kitanda cha pili anaona. Faili hushikwa kwa ncha za vidole. Mgonjwa huyaelewa yote haya upesi kuliko maneno.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa wauguzi wetu. Wengi wanafanya kazi bila mshahara wa uhakika, usiku kwa mwanga wa tochi, na wapo waliowahi kuzalisha kwa mikono mitupu kwa sababu kasha la glavu lilikuwa limekwisha. Hofu yao ina mizizi. Tatizo ni kwamba imeelekezwa kusiko. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban mara 3 katika 1,000, na akianza dawa za kinga kabla ya saa 72 kupita, kisha akazimeza kwa siku 28, uwezekano huo hupungua sana. Homa ya ini aina ya B ni hatari kubwa zaidi: kwa asiyechanjwa, sindano ya namna hiyo inaweza kumwambukiza hadi mara 30 katika 100. Na mwenye homa ya ini hana benchi lake, hana Alhamisi yake, hana alama usoni. Muuguzi anayevaa glavu mbili kwa mama mdogo wangu na kumshona mwingine kwa mikono mitupu amejikinga dhidi ya jina la ugonjwa, akauacha ugonjwa wenyewe uingie.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 kanuni ya hospitali imekuwa moja: damu ya kila mgonjwa ichukuliwe kuwa inaweza kuambukiza, na tahadhari iwe sawa kwa wote. Kanuni hiyo inamlinda muuguzi, na papo hapo inamlinda mgonjwa, maana wakivaliwa glavu wote hakuna anayeonyeshwa kidole. Anayedai kasha la glavu katika mkutano wa zone ya afya anapigana na unyanyapaa kuliko anayehubiri upendo.

Hofu hii ilitoka wapi? Tulifundishwa. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za mwanzo Afrika kuuchunguza ugonjwa huu kwa kina. Mwaka 1984 mradi ulioitwa Projet SIDA ulianza Kinshasa, katika Hospitali ya Mama Yemo, ambako daktari Mkongomani Bila Kapita pamoja na wenzake wa nje, wakiwemo Jonathan Mann na Peter Piot, walionyesha kwamba wanawake na wanaume huambukizwa kwa idadi inayokaribiana. Dunia, iliyokuwa ikiudhani ugonjwa wa kundi fulani la watu, ilipata somo kutoka kwetu kwamba ni ugonjwa wa binadamu yeyote. Lakini mafunzo yaliyofika vijijini katika miaka iliyofuata yalikuwa ya namna nyingine: picha za mafuvu na mifupa, na maneno kwamba UKIMWI hauna dawa, UKIMWI unaua. Wakati ule yalikuwa kweli. Kisha dawa zikaja. Aliyetutia hofu hakurudi kuitoa.

Leo mambo yamebadilika kiasi ambacho wengi hawajasikia. Mama mwenye virusi asipotibiwa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kuzaa au kwa kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa vizuri unashuka chini ya asilimia 5. Tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2016 na 2019 ziliwafuatilia wapenzi ambao mmoja ana virusi, anameza dawa, na kipimo cha damu hakivioni tena. Halikupatikana hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi huyo. Maana yake, mama mdogo wangu, akimeza kidonge chake kila jioni hadi kipimo kisivione virusi, si hatari kwa mwenzi wake. Hatari iko kwa yule ambaye hajapima, na hajapima kwa sababu ameliona benchi la kando ya choo.

Fizi ina sababu ya pekee ya kulifikiria benchi hilo. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake mjini Fizi. Madaktari wa Médecins Sans Frontières, waliokuwa wakihudumu Baraka tangu 2003, walitangaza kwamba wametibu zaidi ya wanawake 30. Mwezi Februari mahakama ya kijeshi ikaja ikakaa Baraka, ikamhukumu luteni kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20, na dunia ikaandika. Ilikuwa haki adimu. Lakini kabla ya mahakama palikuwa na saa 72, muda ambao mwanamke aliyebakwa anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi. Katika saa hizo hana mwendesha mashtaka wala mwandishi wa habari. Ana mlango wa kituo cha afya na swali moja kichwani: nikiingia hapa, nani atajua? Akiamini kwamba watajua wote, atabaki nyumbani, na saa zitapita. Kituo kisichoweza kutunza siri kimemfungia hata yule ambaye hana virusi.

Na sisi ni watu wa kuhama. Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 tukaingia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na kuanzia 2005 boti zikaturudisha hadi bandari ya Baraka. Mwaka 2015 ikawa zamu yetu kupokea: Warundi wakafika, wakakaa kambi ya Lusenda. Mwaka 2025 mji wa Bukavu ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi Februari, wengine walifunga mizigo upya. Kwa mwenye virusi, kila safari ya namna hiyo ina kituo cha ukaguzi ambacho wengine hawakioni. Dawa zitakwisha, na huko aendako itabidi amwambie mtu asiyemjua, tena labda ndani ya hema lenye watu wengi, jambo ambalo hajamwambia dada yake. Mwaka huo huo wa 2025 Marekani ilisimamisha misaada mingi ya afya, na nchi kama yetu, ambako dawa hizi zilitegemea sana mikono ya nje, zikatikisika. Ghala likiyumba, mgonjwa hulazimika kuuliza zaidi, kuzunguka zaidi, kujieleza zaidi. Uhaba wa dawa huwavua watu siri zao.

Sheria haijanyamaza. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wanaoishi na virusi na kukataza kuwabagua, na mwaka 2018 ilirekebishwa, kikaondolewa kifungu kilichomfanya mwenye virusi atazamwe kama mhalifu mtarajiwa. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi, na anayeitoa anavunja sheria. Lakini sijawahi kuiona karatasi ya sheria hiyo kwenye ukuta wa kituo chochote nilichoingia, wakati tangazo la bei ya vipimo huwa halikosekani. Haki ambayo mgonjwa haijui na muuguzi hajaisoma hubaki Kinshasa.

Tena, niseme ukweli, sheria peke yake isingetosha hata kama ingebandikwa. Shemeji haogopi sheria mbele ya shemeji. Huku kwetu muuguzi ni ndugu, wa maabara ni baba wa ubatizo wa mwanao, anayefagia chumba cha dawa ni jirani wa shamba. Tunasema kikulacho ki nguoni mwako, na mgonjwa wa virusi analijua hilo kwa mwili wake. Undugu ule ule unaombeba mgonjwa wa malaria kwenye kipoyi ndio unaomfanya huyu apande pikipiki mbili. Sitaki undugu huo ufe. Nataka ujifunze adabu moja zaidi.

Adabu hiyo niliiona kwa macho yangu, kwa muuguzi mmoja mzee, huko huko mbali anakokwenda mama mdogo. Foleni yake ni moja. Mwenye kikohozi, mwenye mimba na mwenye virusi hukaa pamoja na kuitwa kwa namba. Madaftari yote yana jalada moja. Kila anayeingia mlango hufungwa, hata aliyekuja kufungwa kidole, kwa hiyo mlango uliofungwa hauelezi chochote. Dawa huziweka ndani ya bahasha za khaki zile zile anazowekea vidonge vya malaria. Na anayeendelea vizuri humpa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, ili asilazimike kuonekana pale kila mwezi. Hakuna alichonunua zaidi ya bahasha. Nilimsalimia barabarani siku moja, nikamkumbusha kwamba nilimleta mama yangu kwake. Akatabasamu, akasema, “Wamama wengi huja, baba,” akaendelea na njia yake. Nilijua amenikumbuka. Ndipo nikaelewa kwamba kunyamaza ni sehemu ya kazi yake sawa na kuchoma sindano, na kwamba anaifanya kwa mkono uliozoea.

Wazee walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizo wagonjwa wetu hurushiwa kila siku: semeni, jitokezeni, msifiche. Ni kweli Uganda ilisogea mbele pale mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitangaza mwaka 1989, akatembelea shule na makanisa akijieleza hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Alikuwa shujaa. Lakini haki haiwezi kumdai kila mama muuza mawese awe shujaa ili apate kidonge. Anayeficha maradhi ana sababu, na kabla ya kumlaumu tuwaangalie wale anaowaficha. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba siri yake ikitoka ni dagaa waliomwagika ziwani, hawakusanyiki tena.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa watu wa aina tatu. Muuguzi, dada yangu, kaka yangu: ondoa benchi la kando, changanya foleni, funga mlango kwa wote, dai glavu kwa sauti kubwa. Hayo hayahitaji mradi wala semina. Mchungaji, padri, shehe, na wazee mnaokaa barazani, kwenye lubunga: acheni kuutaja ugonjwa huu kama mshahara wa dhambi, maana miongoni mwa mnaowahubiria wamo wanaomeza kidonge kila jioni, na wengine wataacha kukimeza kwa sababu yenu.

Watu wa tatu ni sisi tuliobaki, na kwetu lawama ni nzito kuliko tunavyokubali. Siri ya hospitali haivuji yenyewe, kuna anayeidai. Muuguzi hurudi nyumbani amechoka, tunamwekea ugali, na kabla hajanawa mikono tunamuuliza: leo umewaona akina nani? Tunauliza kwa mapenzi, kwa mazoea, kwa kutaka mazungumzo. Akijibu, mtu mmoja amepoteza kituo chake cha afya. Kama una ndugu anayefanya kazi hospitalini, muulize kama amekula, muulize kama amelipwa. Usimuulize alimwona nani.